Siku Niliyouliza Mbuzi Wangapi

Kila nikikutana na nyinyi wakufunzi wapya, mkishajua kwamba nilifanya kazi Garissa miaka ya tisini, swali la kwanza huwa lilelile: Mzee Mbwana, uliogopa nini zaidi kule? Mnangoja niwasimulie majambazi wa barabarani. Nao niliwaogopa, msinifanye shujaa bure. Nilisafiri kwa msafara wenye polisi mbele na nyuma, nimeinamisha kichwa chini ya dirisha, huku nikijifanya nimelala ili jirani yangu asijue. Lakini mkinibana niseme kweli, nilichokiogopa kuliko bunduki ni darasa la kwanza. Watoto arobaini na kitu, wa miaka sita na saba, wameketi juu ya mchanga wananitazama.

Chekeni. Ila msiondoke, kwa sababu jambo hili na nyinyi litawafika.

Mimi ni mtu wa Mambrui. Nilifundisha hisabati sekondari huko pwani kwa miaka saba, kisha nikaletewa barua ya uhamisho: nenda Garissa, chuo cha ualimu, ukawe mkufunzi. Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha vijana namna ya kufundisha watoto wa shule ya msingi. Sasa shikeni siri niliyoificha miaka mingi. Sikuwahi hata siku moja kufundisha mtoto wa shule ya msingi. Wala sikuwa peke yangu, wengi wetu pale tulitoka sekondari. Hatukuulizana. Tulikunywa chai ya maziwa ya ngamia pamoja, tukalalamikia joto pamoja, na hakuna aliyemuuliza mwenzake, wewe darasa la kwanza ulifundisha wapi?

Nilifundisha kwa noti. Zilikuwa noti zangu mwenyewe za enzi za uanafunzi, karatasi zilizogeuka rangi ya chai, na nilizisoma polepole wanachuo wakaandika. Muhula mmoja nilirudi kutoka likizo nikakuta mchwa wameingia kabatini wakazila zote, wameacha jalada tu. Asubuhi ile nilisimama mbele ya darasa mikono mitupu, nikagundua kwamba bila karatasi zile sina la kusema. Jasho lilinitoka mpaka kwenye viwiko. Nikawaambia waandike insha kuhusu umuhimu wa hisabati, nikatoka nje kupumua. Jioni nikamwomba mwanachuo mmoja daftari lake la mwaka uliopita, nikanakili noti zangu upya neno kwa neno. Yaani mchwa walinipa nafasi ya kubadilika nikaikataa.

Katika noti zile kulikuwa na kanuni moja niliyoipenda mno: mfundishe mtoto kwa vitu vya mazingira yake. Na mazingira ya mtoto wa Garissa, nilivyoamua mimi, ni mbuzi. Basi kila mwanachuo aliyepita mikononi mwangu aliandika andalio la somo lenye mbuzi. Mbuzi watatu ongeza mbuzi wanne. Mbuzi kumi toa mbuzi wawili. Nilijiona mtaalamu wa mazingira.

Hapo ndipo anapoingia Deka. Alikuwa mwanachuo wa mwaka wa pili, msichana mrefu wa kutoka Eldas, mkimya, mwenye mwandiko mzuri. Baba yake alikubali asome chuo kwa sharti moja: miaka miwili tu. Akimaliza na cheti, atafundisha. Akirudi bila cheti, hataondoka tena, na mchumba alikuwa ameshatajwa. Haya tuliyajua wote. Na kwa utaratibu wa siku zile, mwanachuo akianguka mazoezi ya kufundisha hapati cheti, hata awe ameshinda mitihani yote.

Deka alipangiwa shule ya msingi iliyokuwa jirani yetu, ng'ambo ya uwanja walipofungwa punda wa kubebea maji. Nikaenda kumkagua. Hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Alitandaza leso mchangani, akapanga vitu kumi: kokoto, kizibo cha soda, mfupa, ushanga, kipande cha sabuni. Watoto wakavitazama. Akawaambia wafunike macho, akaficha kimoja, akauliza kwa Kisomali, "Yaa maqan?" Yaani, nani hayupo? Watoto wakaruka vidole juu, wakapiga kelele, wakataja kile kilichotoweka, ndipo akawauliza vimebaki vingapi. Mimi niliketi nyuma nimevaa shati jeupe, nimekunja uso. Nikaandika: Hakufuata andalio. Hakutumia mazingira ya mtoto. Alicheza. Nikampa alama ya kuanguka, nikatia sahihi, nikaenda kula.

Alipoipokea ile karatasi aliisoma mara mbili. Akasema, "Sawa, Mwalimu," akaikunja vidogo sana. Hakulia, na mimi nikaona kwamba hakujali.

Wiki ileile tulipata mkuu mpya wa masomo. Jina lake Dahir, sote tukimwita Macallin, yaani mwalimu kwa Kisomali. Alikuwa mzee wa miraba minne, sauti ndogo, na kila p kinywani mwake iligeuka b. Kikao chake cha kwanza alitupa habari iliyotuondolea hamu ya chai.

"Mimi nimeketi nyuma ya darasa yenu," alisema. "Nyinyi nasema kizuri sana namna ya kufundisha mtoto. Sasa nataka kuona. Kila mtu atafundisha darasa la kwanza kibindi moja. Wengine watakaa nyuma, watazame."

Laiti mngeona nyuso. Mwalimu wa sayansi alishikwa na malaria palepale. Mwingine akakumbuka msiba wa kwao uliokuwa umepita miezi miwili. Dahir akatikisa mkebe mkuukuu wa mafuta ya kupikia uliojaa vikaratasi vya majina yetu, akachomoa cha kwanza. Kilikuwa changu. Na darasa lilikuwa lile la Deka.

Nilikuwa na siku tatu. Sikula vizuri hata mlo mmoja. Nilimwendea mlinzi wa lango anifundishe kulisema swali langu kwa Kisomali, nionekane mwenyeji. Akauliza, "Wewe nataka uliza nani hii maneno?" Nikamjibu, watoto. Akasema, "Haya," akanifundisha, akageuza uso. Mimi nikaenda zangu nikikariri. Nilidhani kwa kuwa ninasali nao safu moja, basi ninawajua.

Siku ikafika. Wakufunzi tisa walibanana kwenye benchi la nyuma, Deka akasimama karibu na mlango. Nilisalimu, watoto wakaitikia kwa sauti kubwa, nikapata moyo kidogo. Mstari wa mbele alikuwapo msichana mdogo, Hodan, vidole vyake vina hina, ananichekea. Nikamchagua yeye. Nikamuuliza kwa Kisomali safi: nyumbani kwenu mna mbuzi wangapi?

Tabasamu likafutika. Akavuta ncha ya mtandio akaziba mdomo.

Nikarudia kwa sauti zaidi, kama tulivyozoea walimu, tukidhani asiyejibu hasikii. Kimya. Nikamgeukia mwenzake. Kimya. Nikasema, kumi? Ishirini? Nikafungua daftari na kuchukua kalamu, tayari kuandika jibu. Ndipo mtoto mmoja akaanza kulia, halafu wa pili. Kisha nikaona jambo ambalo sijalisahau: darasa zima lilianza kurudi nyuma, likijiburura kwa makalio juu ya mchanga, taratibu, bila kuniondolea macho, mpaka wote wakarundikana miguuni pa Deka. Mimi nikabaki mbele na ubao. Nilikuwa nimezoea kuogopa watu wengine. Sikujua inavyokuwa watoto wanapokuogopa wewe.

"Mbwana," Dahir akasema kutoka nyuma. "Tosha."

Deka alinikuta nje, nimeegemea ukuta wa mabati hata sisikii joto lake.

"Mwalimu, hawa watoto hawawezi kukuambia," alisema. "Kwetu mtu haulizwi mifugo yake ni ngapi. Hata jirani hakuulizi. Tunaogopa jicho la husuda."

"Hata mtoto?"

"Mtoto ndiye anakatazwa zaidi. Na wewe ni mgeni, una shati nyeupe, umeshika kitabu na kalamu. Bibi zao wamewaambia hadithi. Walikuja watu na kitabu, wakauliza, wakaandika, halafu wanyama wakachukuliwa. Sasa huyo Hodan akitaja, akifika nyumbani atasema nini? Kwamba ametoa mifugo ya baba yake?"

"Kwa hiyo kuhesabu hamhesabu?"

"Jioni mbuzi wakirudi tunaangalia uso. Tunajua nani hayupo."

Nikaikumbuka leso, na kizibo, na watoto waliokuwa wakiruka vidole juu. Nikakumbuka nilivyoandika: Alicheza.

"Mbona hukuniambia siku ile?"

Alitazama chini. "Mwalimu, ulikuwa umeshatia sahihi. Na mimi nilikuwa nakuogopa."

Mngedhani nilikimbia moja kwa moja kuirekebisha alama ile. Sikukimbia. Alasiri tulikutana na Dahir akauliza tumejifunza nini, nami nikasema watoto walikuwa wamechoka, joto lilikuwa kali. Wenzangu wote wakatikisa vichwa: joto, kweli joto. Nani angenipinga, na majina yao yalikuwa bado mkebeni?

Niwaeleze nilichokuwa nikikiogopa, maana siku moja kitawakalia shingoni. Nilikuwa mwanamume wa makamo, mgeni wa mji, nikiishi peke yangu. Yeye alikuwa msichana. Nikimpandishia alama, chuo kizima kitauliza kwa nini yeye. Na nikieleza sababu, itabidi niseme kwamba kwa miaka yote nimewafundisha vijana kuuliza swali ambalo halipaswi kuulizwa, na kwamba sijui kazi ninayoifundisha. Nikaona heri ninyamaze. Orodha ya alama ilikuwa imeshatiwa ndani ya bahasha, ikapigwa lakiri, iende wizarani Nairobi kwa basi la Alhamisi.

Alhamisi asubuhi nilisimama langoni nikalitazama basi likipita kujiunga na msafara. Vumbi lilipotulia nikajiambia, basi, yamekwisha. Korongo wale wakubwa wa Garissa walikuwa wamejipanga juu ya ukuta, wameninyamazia.

Saa sita mchana basi lilirudi. Lilikuja polepole, kioo cha mbele kina tundu, na ufa umetawanyika pande zote. Msafara ulikuwa umepigwa risasi. Mungu alisitiri, hakufa mtu, lakini abiria waliteremka wameshikana mikono, mama mmoja akaketi chini barabarani na mtoto wake akakataa kuinuka. Askari walikimbia huku na huku, maduka yakafungwa, na sisi tukawa tunazihesabu sauti za magari tukingoja mlio mwingine. Dereva akakitoa kifurushi chetu chini ya kiti, akamkabidhi Dahir.

Nami nilipoiona bahasha ile, kabla sijamhurumia mtu yeyote, nilifurahi. Niliona haya kwa furaha ile, na haya hiyo ninayo mpaka leo.

Nikamfuata Dahir ofisini. Bahasha ilikuwa mezani, imejaa vumbi.

"Macallin, itaondoka lini?"

"Jumamosi, barabara ikifunguka."

"Humo ndani kuna alama moja si ya haki."

"Ya nani?"

"Deka."

Akavua miwani. "Msichana. Kuna mtu amekuja kukuomba?"

"Hakuna."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Nikamweleza yote, leso na mbuzi na joto la uongo. Alinisikiliza bila kunikatiza.

"Mimi nakuamini wewe," alisema. "Lakini nikifungua hii beke yangu, kesho watasema Dahir na Mbwana wamefanya njama juu ya msichana. Hata yeye atabata jina baya. Wewe sema mbele ya wote, leo. Kesho asubuhi, kabla ya sala ya Ijumaa, tutamwona tena, mimi na mtu mwingine. Wewe hutaweka alama."

"Na wakinicheka?"

"Risasi imebita kwa basi leo, na wewe naogoba kicheko?"

"Naogopa, Macallin."

Akaivaa miwani yake taratibu. "Hata mimi naogoba. Jina yangu haiko kwa ile mkebe. Umeona? Mimi nimefundisha sekondari miaka ishirini."

Saa kumi jioni tulikaa, wote masikio yako barabarani. Nilisimama nyuma ya kiti changu. Nikasema sijawahi kufundisha shule ya msingi. Nikasema joto halikuwa na kosa. Nikasema nimemwangusha mwanachuo kwa sababu alijua nisichokijua. Hakucheka mtu. Ni mwalimu wa sayansi tu aliyeuliza lile nililoliogopa: "Na kwa nini huyu Deka peke yake?"

"Kwa sababu wengine wote walinitii," nikamjibu. "Waliandika mbuzi. Hakuna aliyewahi kuniambia, na hao nimewapitisha."

Akainamisha kichwa. Kisha, bila kuinua macho, akasema hana malaria.

Kutoka siku ile tulijiwekea sheria: hakuna kumtilia mwanachuo alama katika darasa ambalo wewe mwenyewe hujalifundisha. Mtaiona ni ndogo. Ifuateni kwanza, mje mniambie. Na mnapokagua, andikeni kwa penseli, tembeeni na mwanachuo mpaka langoni, mwulizeni kwa nini alifanya alivyofanya, ndipo mshike kalamu ya wino. Mimi nilijifunza hilo nikiwa nimeshachelewa na basi limeshaondoka.

Ijumaa asubuhi niliingia darasani mwa Deka nikiwa na kikoi na fulana, bila daftari. Dahir na mwenzake waliketi benchini. Mimi niliketi chini, mchangani, nyuma ya watoto. Waliponiona walijisogeza wote, nikabaki kwenye duara tupu. Nikawaza, wakilia tena leo, nitakuwa nimemwangusha mara ya pili.

Deka naye alikuwa na hofu, leso ilimponyoka alipokuwa akiitandaza. Akapanga vitu vyake kumi. Akacheza mara moja, mara mbili, watoto wakaitikia kwa sauti za chini, wakigeuka geuka kunitazama. Kisha akafanya jambo ambalo mimi kwa miaka yangu yote nisingethubutu mbele ya wakaguzi.

"Mwalimu Mbwana," akaniita. "Njoo mbele. Funika macho."

Nikaenda, nikapiga magoti, nikafunika.

"Yaa maqan?"

Nikafumbua. Nikatazama vile vitu. Wallahi sikujua. Nilihesabu, vilikuwa tisa, lakini nani hayupo sikuweza kumtambua. Darasa likaningoja, nami nikatoa macho kama mwanachuo aliyeliwa noti na mchwa. Mtoto mmoja akaguna, mwingine akacheka, mara wote wakaangua kicheko, cha nguvu, cha kuviringika mchangani. Nikahisi mtu ananivuta mkono. Hodan alikuwa amesogea mpaka kando yangu. Akaninong'oneza: kizibo.

"Kizibo!" nikasema. Wakapiga makofi. "Vimebaki vingapi?" Deka akauliza, na watoto arobaini wakapaza sauti pamoja, bila hofu ya mtu.

Kengele ilipolia, Dahir na mwenzake waliandika, kila mmoja peke yake, wakalinganisha. Dahir akaniangalia kwanza, kisha akamwambia, "Amebita. Vizuri sana." Deka akaketi palepale chini, akafunika uso kwa leso ile yenye mchanga, na safari hii nikamwona analia. Alipoinuka aliniomba kitu kimoja, ile karatasi ya kwanza aweze kubaki nayo badala ya kuirudisha ofisini.

"Ya nini tena?"

"Siku moja na mimi nitapewa kalamu," akasema.

Watoto walikuwa wakitoka. Hodan alibaki, anasugua hina ya vidole vyake. Akanivuta mkono wa fulana niiname. Akaliweka sikio langu karibu na mdomo wake, akatazama mlangoni, akatazama dirishani, akataja namba moja kwa Kisomali. Kisha akakimbia.

"Amesema nini?" Dahir akauliza.

"Amenisalimia tu," nikamjibu.

Namba ile ninayo mpaka leo. Nimestaafu ualimu, nimesahau majina ya wenzangu wengi na kanuni nyingi nilizokariri, lakini hiyo sijaisahau. Sijamwambia mtu, na nyinyi msiniulize.